Vidonge 188 vilivyobaki: uchambuzi wa kisa cha ufuasi wa dawa na moyo kushindwa kufanya kazi

Kwa nini kisa hiki kimeandikwa

Kisa hiki kinamhusu dereva wa lori la masafa marefu aliyetibiwa shinikizo la juu la damu kwa miezi 11 katika kliniki ya wagonjwa wa nje, akaongezewa dawa mara nne, na mwishowe akalazwa usiku akiwa hawezi hata kulala chali kwa sababu ya maji yaliyojaa mapafuni. Jina lake, umri wake kamili, mji anakoishi, kituo alichotibiwa na mwajiri wake vimeachwa, na mambo machache ya kifamilia yamebadilishwa bila kugusa mtiririko wa ugonjwa. Mwenyewe alisomewa muhtasari wa kisa akaridhia utumike kufundishia. Nilikuwa mmoja wa waliomhudumia tangu mwanzo, na kati ya kumbukumbu tisa za kliniki zilizomo kwenye faili lake, mbili zina mwandiko wangu. Zote mbili zinasema: "Anatumia dawa vizuri." Hakuwa akizitumia. Maamuzi yetu yote yaliyofuata yalijengwa juu ya sentensi hiyo, ukiwemo uamuzi uliokaribia kumuua akiwa kitandani wodini, mikononi mwetu.

Ufuasi wa dawa ni kiasi ambacho matumizi ya mgonjwa yanalingana na yale aliyokubaliana na mhudumu wake. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2003 ilikadiria kwamba hata katika nchi zilizoendelea wastani wa ufuasi kwa magonjwa ya muda mrefu ni takriban asilimia 50, na kwamba katika nchi zinazoendelea hali ni duni zaidi. Kwetu Tanzania neno hili limezoeleka katika kliniki za CTC, yaani za matunzo na tiba ya VVU, ambako mtu anayetumia dawa za kufubaza VVU huulizwa kwa utaratibu ni dozi ngapi zimempita, na mara nyingi vidonge vilivyobaki huhesabiwa. Mgonjwa wa presha aliyeketi kwenye benchi la chumba cha pili hakuwa na utaratibu wa namna hiyo. Aliulizwa swali moja tu, nalo lilikuwa na jibu moja linalokubalika.

Historia ya mgonjwa

Alikuwa mwanamume mwenye umri wa kuelekea miaka 50, mwenye mke na watoto wanne, na kazi yake ilikuwa kuendesha lori kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma, mwendo wa zaidi ya kilomita 900, na mara nyingine kuvuka mpaka. Safari moja ingeweza kuchukua siku nne, na foleni ya mpakani ikikwama ingechukua wiki mbili. Hakuwa na bima ya afya. Hakuwa akivuta sigara. Marehemu baba yake alipooza upande mmoja kabla ya kufariki, ingawa jambo hili tulilijua baadaye sana kwa sababu hakuna aliyemuuliza.

Alifika kliniki mara ya kwanza kwa kutokwa na damu puani na maumivu ya kisogo. Shinikizo lilikuwa 186/112. Alianzishiwa amlodipini miligramu 5 mara moja kwa siku, akaambiwa apunguze chumvi na arudi baada ya mwezi.

Miezi 11 ya kliniki

Alirudi akiwa na 172/106, na amlodipini ikapandishwa hadi miligramu 10. Katika hudhurio la tatu shinikizo lilikuwa 176/104. Siku hiyo alisema ukweli, kwamba alikwama mpakani na kwa wiki nzima hakumeza dawa kwa sababu aliziacha nyumbani. Mhudumu aliyekuwa mezani alimjibu kwa sauti iliyosikika hadi kwenye benchi, akamuuliza kama anataka kupooza, akamwandikia losartani miligramu 50 juu ya ile ya kwanza. Baada ya siku hiyo hakusema tena kwamba amekosa dozi. Katika hudhurio la nne losartani ilipandishwa hadi miligramu 100, na la tano aliongezewa hidroklorotiazaidi miligramu 25, ambayo wagonjwa wetu wanaiita kidonge cha mkojo. Vipimo vya kliniki vilicheza kati ya 162/98 na 178/108, havikushuka kiasi cha kuridhisha wala havikupanda kiasi cha kushtua.

Katika hudhurio la saba tuliandika kwamba ana shinikizo sugu, yaani lile lisiloshuka mgonjwa akiwa kwenye dawa tatu za dozi kamili, mojawapo ikiwa ya kupunguza maji mwilini. Tulimwagiza apime kreatinini (ambayo hupanda figo zikizidiwa), potasiamu na picha ya mawimbi ya sauti ya figo, tukitafuta chanzo kilichojificha. Alilipia mwenyewe vipimo vyote, na majibu hayakuonyesha tatizo la kueleza hali yake. Leo nikiangalia karatasi zile, fedha alizotoa siku ile zingemnunulia dawa za miezi kadhaa. Maelezo tuliyokuwa tukiyatafuta yalikuwa ndani ya begi alilolitundika nyuma ya kiti cha lori, na kuyafikia kusingemgharimu chochote.

Jambo jingine lilikuwa wazi kwenye faili lenyewe. Kati ya hudhurio la kwanza na la tisa zilipita siku zipatazo 314, na katika muda huo alikuwa amepewa amlodipini za siku 240. Hata kama angemeza kila kidonge tulichompa, siku zaidi ya 70 hazikuwa na dawa. Tarehe zote tuliziandika wenyewe, na hakuna kati yetu aliyekaa kuzijumlisha.

Usiku wa kulazwa

Wiki tatu baada ya hudhurio la tisa aliletwa na utingo wake, saa 7 usiku. Kwa siku nne alikuwa amelala ameketi kwenye usukani kwa sababu kila alipojinyoosha alihisi kukabwa. Miguu ilivimba hata viatu havikuingia, akawa anakanyaga breki kwa kandambili. Shinikizo lilikuwa 212/124, mapigo ya moyo 118 kwa dakika, na kiwango cha oksijeni kwenye damu asilimia 84. Mapafu yalisikika kama karatasi inayokunjwa, kutoka chini hadi katikati ya mgongo.

Alipewa oksijeni, furosemaidi (dawa ya kutoa maji mwilini) kwa mshipa na dawa ya kutanua mishipa. Kulipopambazuka alikuwa ametoa zaidi ya lita mbili za mkojo na anaweza kusema sentensi nzima bila kupumzika. Kipimo cha eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, kilichofanyika siku ya pili kilionyesha ventrikali ya kushoto (chumba cha moyo kinachosukuma damu mwilini) yenye kuta nene, iliyoanza kutanuka, inayosukuma nje asilimia 34 tu ya damu yake kwa kila pigo, wakati kiwango cha kawaida huwa zaidi ya asilimia 50. Moyo wake ulikuwa umeshindwa kufanya kazi, na kwa kila dalili chanzo kilikuwa shinikizo la muda mrefu. Hilo si jambo la ajabu barani kwetu. Utafiti wa THESUS-HF, uliochapishwa mwaka 2012 na uliowafuatilia wagonjwa 1,006 waliolazwa kwa moyo kushindwa katika nchi tisa za Afrika, ulikuta wastani wa umri wao ni miaka 52, na kwamba shinikizo la damu ndilo lililokuwa chanzo kikuu, kwa takriban asilimia 45 ya wagonjwa. Katika nchi tajiri ugonjwa huu ni wa wazee, na mishipa ya moyo iliyoziba ndiyo chanzo kikubwa. Kwetu unawakuta watu ambao bado wana watoto wa shule.

Siku ya tatu wodini

Asubuhi ya siku ya tatu, hali ikiwa nzuri, daktari wa zamu aliandika dawa za nyumbani ziendelee kama zilivyo kwenye kadi, pamoja na furosemaidi ya kumeza. Ulikuwa uamuzi wa kawaida kabisa, na kwa taarifa aliyokuwa nayo haukuwa na kasoro: kadi ilisema mgonjwa anatumia dawa hizo kila siku, na shinikizo lake bado lilikuwa 168/100. Muuguzi alimpa amlodipini miligramu 10, losartani miligramu 100, hidroklorotiazaidi na furosemaidi, akasubiri mpaka amezimeza zote.

Saa 8 mchana aliinuka kwenda msalani, akafika mlangoni, akaanguka. Alipasuka juu ya jicho la kushoto na kushonwa nyuzi tatu. Shinikizo lilikuwa 82/50. Dawa zikasitishwa, miguu ikainuliwa, na kwa saa kadhaa tuliogopa kuongeza maji kwa sababu ya mapafu na tuliogopa kutoyaongeza kwa sababu ya figo. Kreatinini iliyokuwa 104 alipolazwa ilifika 171 siku iliyofuata.

Dawa zilezile, kwa dozi zilezile, ambazo kwa miezi 11 "zilishindwa" kumshusha, zilimwangusha ndani ya saa sita. Maelezo yalikuwa mamoja tu.

Kuhesabu

Jioni hiyo mkewe alikuja na uji, na muuguzi mkuu wa wodi akamwomba arudi kesho na kila dawa iliyoko nyumbani na kwenye gari. Alirudi na mfuko wa kaki. Muuguzi alisogeza meza ya chakula, akafunua gazeti juu yake, akamimina. Zilitoka bahasha za dawa zenye mwandiko wetu, nyingine bado zimebanwa kwa pini kama zilivyotoka dirishani, nyingine zimelowa na kukauka hadi vidonge vimegandana. Kulikuwa pia na kadi nne tupu za diklofenaki, dawa ya maumivu. Tulihesabu wawili wawili, tukarudia. Kati ya amlodipini 270 tulizompa, zilibaki 188. Kwa hiyo hata kama kila kidonge kilichokosekana kilimezwa, alimeza 82, takriban asilimia 30. Kati ya vidonge vya mkojo 150, zilibaki 141. Losartani hazikuwepo kabisa, kwa sababu dirishani kwetu hazikuwa zikipatikana na yeye alikuwa akinunua kumi kumi kwenye duka la dawa pale alipokuwa na fedha.

Mgonjwa alikuwa akitazama dirishani. Muuguzi hakumkemea. Alivuta kiti akaketi, akamwambia, "Baba, jana tumekuangusha sisi. Tulikupa dawa zote za kwenye kadi kwa mpigo, mwili wako haukuwa umezizoea. Sasa nisaidie. Siku ya safari inaanzaje, tangu unapoamka?"

Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Sista, nalala Morogoro. Nikimeza kile kidonge cha mkojo alfajiri, naingia mbuga ya Mikumi nimebanwa. Mle husimami. Utachimba dawa wapi, na tembo wako barabarani?" Aliendelea kueleza, na kadiri alivyoendelea ndivyo ratiba tuliyomwandikia ilivyozidi kuonekana kwamba iliandikwa kwa mtu mwingine. Barabara hupita ndani ya hifadhi ya Mikumi kwa takriban kilomita 50. Baada ya hapo kuna milima ya Kitonga, ambako lori lenye mzigo halipaki pembeni kwa haja ndogo, na kuna foleni za mizani. Alikuwa pia akimficha utingo dawa, akihofia habari zikimfikia mwajiri atanyimwa gari. Alimeza alipoumwa kichwa, akaacha kilipopoa, kwa kuwa kwake maumivu ndiyo yaliyokuwa kipimo cha presha. Siku mbili kabla ya kliniki alimeza zote, akasema bila kusitasita, "ili nisigombezwe."

Jambo la mwisho hakulisema mbele ya mkewe wala mbele ya muuguzi. Alimwambia tabibu mmoja wa kiume siku ya sita, kwa sauti ya chini: madereva wenzake walimhakikishia kwamba vidonge vya presha vinamaliza nguvu za kiume, na wiki ya kwanza ya kidonge cha mkojo aliamini ameona dalili.

Maamuzi yaliyofanyika, na kwa nini

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kufuta kadi yote na kuanza upya, tukimchukulia kama mtu ambaye hajawahi kutibiwa. Amlodipini na hidroklorotiazaidi ziliondolewa. Ya kwanza haiongezi uhai kwa moyo uliodhoofika namna hii, na ya pili haikuwa na kazi tena akiwa na furosemaidi. Losartani ilianza kwa miligramu 25 baada ya kreatinini kuanza kushuka, karvediloli, dawa inayopunguza kasi ya mapigo ya moyo, kwa miligramu 3.125 mara mbili kwa siku maji yalipokauka mapafuni, na spironolaktoni miligramu 25 wiki mbili baada ya kutoka, potasiamu ikiwa imepimwa. Dozi zilipandishwa polepole, na kila mara tulihesabu vidonge kabla ya kupandisha. Ikiwa vidonge vilivyomezwa havikufika asilimia 80, dozi haikuguswa. Tulizungumza kwanza.

Uamuzi wa pili ulihusu saa ya furosemaidi. Dawa hii ikimezwa huanza kazi ndani ya saa moja na huisha nguvu kwa takriban saa sita, kwa hiyo hakuna ulazima wa kuimeza alfajiri. Siku za safari tulikubaliana aimeze anapoegesha gari kwa ajili ya usiku, saa 10 au 11 jioni, ili mkojo uwe umeisha kabla ya usingizi mzito. Siku za mapumziko angeimeza asubuhi. Nimeona wenzangu wakisita hapa, kwa hofu kwamba saa zinazobadilika zitamchanganya mgonjwa. Yeye alizielewa mara moja kwa sababu zilifuata kazi yake.

Wa tatu ulikuwa mgumu zaidi kuliko yote: asiendeshe lori kwa wiki nane za mwanzo, mpaka tuone dozi mpya hazimwangushi. Kwa mtu anayelipwa kwa safari, hili lilikuwa sawa na kumnyang'anya chakula mezani. Hatukuona njia nyingine. Mtu aliyezirai mlangoni mwa msala hawezi kukabidhiwa tani 30 kwenye mteremko wa Kitonga, kwa usalama wake na wa waliomo kwenye basi linalokuja. Tulimwandikia barua ambayo haikutaja ugonjwa, na yeye mwenyewe ndiye aliyeamua nani aione.

Diklofenaki ilipigwa marufuku kwa maelezo kamili. Alikuwa akiinunua kwa ajili ya mgongo, na katika wiki mbili kabla ya kulazwa aliimeza kila siku. Dawa za kundi hilo huzuia figo kutoa chumvi na maji na hudhoofisha kazi ya losartani. Nililitafakari sana hili, kwamba mtu tuliyemwita mzembe wa dawa alikuwa na ufuasi usio na dosari kwa dawa moja, ile ambayo faida yake aliihisi ndani ya nusu saa.

Mwisho, alipewa dawa za miezi mitatu kwa mkupuo hali ilipotulia. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 kuhusu dawa za shinikizo la damu unaruhusu mahudhurio ya kila miezi mitatu hadi sita kwa mtu ambaye shinikizo lake limedhibitiwa, na kwa dereva ambaye hajui atakuwa wapi tarehe 14 ya mwezi ujao, tofauti ya mwezi mmoja na mitatu ni tofauti ya kuwa na dawa na kutokuwa nayo. Mkewe alinunua mizani ya kupimia uzito, na tukakubaliana kwamba uzito ukiongezeka kilo mbili ndani ya siku tatu anapiga simu kabla hajavimba.

Matokeo ya mwaka mmoja

Hakulazwa tena katika miezi 12 iliyofuata. Shinikizo lilikuwa 128/80 kwenye vipimo vitatu vya mwisho. Eko ya mwezi wa kumi tangu alazwe ilionyesha ventrikali inasukuma asilimia 47. Anapanda ngazi za ghorofa mbili bila kusimama, na analala chali.

Si yote yaliyokwenda vizuri. Kreatinini ilitulia kwenye 121, juu kidogo ya pale alipoanzia, na hatujui ni kiasi gani cha hasara hiyo kilitokana na siku ile ya tatu. Nafasi yake ya masafa marefu ilijazwa na mtu mwingine alipokuwa akipumzika, na sasa anaendesha gari dogo la mizigo ndani ya mji kwa kipato pungufu. Katika mwezi wa tano tangu alazwe karvediloli iliadimika, akakaa siku tisa bila dawa, akarudi na mapigo 110 na kifua kinachodunda hadi shingoni. Dawa za kundi hili hazifai kukatwa ghafla, na tulikuwa tumemweleza kila kitu isipokuwa hilo. Dozi ya jioni ya karvediloli nayo bado inampita, na kwa hesabu ya mwisho alikuwa akiimeza siku tano au sita kati ya saba.

Uchambuzi: kilichoshindikana

Ni rahisi kusema mgonjwa alidanganya, na katika kikao cha idara mmoja wetu alisema hivyo. Lakini alisema kweli mara moja, katika hudhurio la tatu, akaaibishwa mbele ya watu, na tulichovuna baada ya hapo ni majibu tuliyomfundisha wenyewe kutoa. Swali "unakunywa dawa?" likiulizwa na mtu mwenye kalamu, foleni ikiwa nje, halitafuti habari. Swali la muuguzi kuhusu siku ya safari lilichukua dakika kama 12 na likaleta kila kitu tulichokikosa kwa miezi 11.

Kosa la pili ni la kitabibu zaidi, na nadhani ndilo lisilofundishwa vya kutosha. Tumezoea kuuona ufuasi kama suala la tabia ya mgonjwa, jambo la kumhimiza mwishoni mwa mazungumzo wakati anainuka. Katika kisa hiki ufuasi ulikuwa kipimo kama kreatinini, na kwa kukikosea tulitoa tafsiri mbaya ya kila kipimo kingine. Shinikizo la 170 kwa mtu anayemeza dawa tatu lina maana moja. Shinikizo hilohilo kwa mtu aliyemeza dawa juzi na jana tu, ili asigombezwe, lina maana tofauti kabisa. Amlodipini huhitaji takriban wiki moja ya kumezwa kila siku ili ifikie nguvu yake kamili, hivyo zile siku mbili za kujitayarisha zilishusha shinikizo kidogo tu, kiasi cha kutufanya tuamini kwamba dawa inafika mwilini lakini haitoshi. Tukapandisha. Tulijenga kwenye karatasi dozi ambayo hakuna mwili ulioijaribu, na wodini tukaitoa yote kwa mara moja.

Jambo hili si la nadra. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008, uliotumia vichupa vyenye kifaa cha kurekodi kila vinapofunguliwa, ulionyesha kwamba karibu nusu ya watu walioandikiwa dawa ya shinikizo walikuwa wameiacha kabla ya mwaka kwisha. Anayeandika "shinikizo sugu" bila kuhesabu vidonge ana nafasi kubwa ya kukosea.

Uchambuzi: kilichofaa, na tahadhari

Kuhesabu vidonge kulifaa, ingawa nisingependa kukufanya kuwa upelelezi. Mtu anayejua atahesabiwa anaweza kumwaga vidonge chooni, na wengine hufanya hivyo. Kulifaa kwa sababu kulikuja pamoja na kukiri kwetu kwamba tumekosea, na kwa sababu matokeo yake yalibadilisha ratiba, hayakuleta adhabu.

Naona pia nitoe tahadhari kuhusu eko ya asilimia 47, kwa sababu inavutia kusema kwamba vidonge peke yake ndivyo vilivyourudisha moyo. Mwaka 1980 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa wa Marekani wa klofibrati, dawa ya kupunguza mafuta kwenye damu, kwa wanaume waliowahi kupata shambulio la moyo. Waliomeza angalau asilimia 80 ya dawa yao walikuwa na vifo asilimia 15.0 katika miaka mitano, na waliomeza pungufu asilimia 24.6. Tofauti hiyo ingetosha kuisifu klofibrati, kama isingekuwa kwamba kwa waliopewa vidonge visivyo na dawa ndani yake namba zilikuwa asilimia 15.1 na takriban 28. Jambo kama hilo lilionekana tena mwaka 2005 katika uchambuzi wa utafiti wa CHARM kwa watu wenye moyo ulioshindwa: wenye ufuasi mzuri walikufa wachache zaidi kuliko wenzao, iwe wamepewa kandesartani (dawa ya kundi la losartani) au kidonge kitupu. Anayeweza kumeza dawa kila siku mara nyingi ana pia mambo mengine: chakula cha kueleweka, usingizi, mtu wa kumkumbusha, fedha zisizoisha katikati ya mwezi. Dereva wetu alianza kulala nyumbani, aliacha diklofenaki, na mkewe alianza kupika bila chumvi ya ziada badala ya yeye kula chipsi na nyama za kandokando ya barabara. Karvediloli na spironolaktoni zimethibitishwa katika tafiti zenye kulinganisha kwamba zinapunguza vifo kwa ugonjwa huu, kwa hiyo nina hakika zimechangia. Kwa kiasi gani, kisa cha mtu mmoja hakiwezi kusema.

Kilichobaki kinahusu fedha na ugavi. Tangu mwaka 2019 orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani ina vidonge vinavyobeba dawa mbili za shinikizo kwa pamoja. Kama mgonjwa huyu angeanza na kidonge kimoja cha namna hiyo, kinachopatikana dirishani palepale, losartani isingekuwa ya kununuliwa kumi kumi. Kwetu bado hakipatikani kwa uhakika, na hakuna mazungumzo mazuri ya kitandani yanayoweza kuziba pengo la dawa iliyokwisha ghalani.

Hali ya sasa

Kwenye fomu ya kliniki yetu mstari wa "Anatumia dawa vizuri" umeondolewa. Mahali pake pana nafasi ya namba mbili, vidonge vilivyotolewa na vilivyobaki, na nafasi ya maneno ya mgonjwa mwenyewe kuhusu dozi ya mwisho iliyompita. Katika hudhurio lake la wiki iliyopita, mgonjwa wetu alitoa vidonge mfukoni kabla hajaombwa, akavipanga mezani. Karvediloli za jioni zilikuwa zimezidi tisa. Alisema ni zile siku anazorudi amechoka na kusinzia kwenye kochi kabla ya chakula, na tukakubaliana kwamba kuanzia sasa dozi ya jioni ataimeza gereji, anapokabidhi funguo, pamoja na kipande cha mkate.